Waya wa Chumba cha Mama Mkwe

Busia, upande wa Kenya

Kwa Dada yangu mpendwa Joanita,

Pokea salamu zangu na za wote hapa kibandani. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na Mama, na kwamba huko Dabani mvua imewakumbuka, maana sisi huku tunakula vumbi la malori tu. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua nimeipata, nitaileta mwenyewe. Mwanao Isaac nilimwona juzi Kiyeyi, kwa mumeo. Ni mzima, kikohozi kimepoa, ila anauliza utarudi lini.

Kwa afya mimi sijambo. Kwa moyo ni habari nyingine. Nimejaribu kukupigia lakini simu umeizima, na nikueleze ukweli, kila nilipoikuta imezimwa nilishukuru. Ndiyo sababu nakuandikia, ingawa unajua mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu.

Unakumbuka nilivyoringa uliponitafutia ile kazi. Shemeji Herbert alikuwa ameona hoteli moja Kampala muziki ukilia kila chumba kutoka mashine moja, akataka nyumba yake mpya iwe hivyohivyo. Wewe ukamwambia hakuna haja ya kutafuta mgeni wakati una ndugu fundi. Nikaja na bodaboda nimekumbatia mizigo ya nyaya kama mtu aliyebeba bibi harusi. Amplifaya yenye redio tukaiweka sebuleni, ina batani ya kila chumba: sebule, jikoni, chumba chenu, na chumba cha mama mkwe wako, Mama Athieno, ambaye miguu ilikuwa imeshamkatalia kutoka nje na hakutaka kitu ila sala za redio za asubuhi. Siku spika yake ilipolia kwa mara ya kwanza alinibariki kwa Kidhopadhola, baraka ndefu, wewe ukanitafsiria huku ukicheka kwamba ameniombea mke mnene.

Halafu shemeji yako Ochwo akafia hospitalini. Haya unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaseme kwa mpangilio, maana kwa siku nyingi yamekuwa yakinizunguka kichwani bila mpangilio. Katika nyumba ile mama haambiwi kifo cha mwanawe na yeyote tu. Lazima binti mkubwa afike, amkalishe chini, amshike mikono, ndipo aambiwe. Florence, binti huyo, alikuwa bado njiani kutoka Mbale. Watu walikatazwa kulia uani, Herbert akazima batani ya chumba cha mama yake kwa kidole chake, kisha akapeleka tangazo la kifo redioni Tororo ili ukoo wote upate habari. Wewe ulikuwa unawapikia wageni. Ukawasha batani ya jikoni peke yake, usikie kama majina yamesomwa sawasawa.

Na Mama Athieno akalisikia tangazo peke yake chumbani, jina la mwanawe, na jina lake mwenyewe likisomwa kama mama wa marehemu. Aliinuka, miguu ikamwangusha, akavunjika nyonga. Mwanawe akazikwa yeye akiwa kitandani.

Uliapa kwamba batani yake hukuigusa. Wakwe wakasema umeiwasha kwa makusudi, wakafufua ugomvi wote wa jikoni kati yako na mama mkwe, hata ule wa chumvi. Ndipo Herbert akaniita. Wazee walikuwa wameketi sebuleni, wewe umesimama karibu na mlango na leso mkononi. Nikaomba kwanza nipande darini nikague, nikapanda. Niliposhuka akaniuliza, maneno yake nayasikia mpaka leo: "Wewe fundi, sema ukweli. Jikoni inaweza lia kwa mama kama batani yake imezima?" Nikasema haiwezi. Nilisema nikiitazama ile amplifaya. Jioni hiyohiyo ulirudishwa kwa Mama na mfuko mmoja.

Dada, inaweza. Ililia.

Kila chumba kilitakiwa kuwa na waya wake mpaka kwenye amplifaya. Nilipofika jikoni waya ulikuwa bado unatosha, lakini nilikuwa nimeahidi kumfungia spika mwenye baa mmoja hapa Busia, nikaona nimwekee yeye waya uliobaki. Basi chumba cha Mama Athieno nilikivutia waya mfupi tu, nikauunga na wa jikoni juu ya dari, nikafunga tepu nyeusi. Batani yake niliiacha bila kitu nyuma yake. Wakati wa kujaribu niliwasha zote pamoja, hakuna aliyejua. Mlipokuwa mkifungulia sala asubuhi, jikoni pia mlikuwa mnawasha, kwa hiyo mama hakukosa kitu. Na siku ile wazee walipokuwa wakingoja nikague, kule darini sikukagua chochote. Nilikata ule muungano nikautia mfukoni, nikashuka kukukana.

Nilijiambia nimeogopa kunyimwa kazi. Si kweli. Niliona aibu tu, aibu ya mtu kuonekana fundi mbovu mbele ya wakwe. Kwa aibu hiyo nikakuacha ubebe mzigo wangu, wewe uliyenilipia ada ya ufundi kwa kuuza dagaa. Nimejichukia, na sikuombi unionee huruma.

Juzi nilikwenda Kiyeyi nikamweleza Herbert yote. Nilitegemea anipige. Alifunga mlango, halafu akasema: "Hii maneno imeisha. Mimi nakuja chukua yeye, namusamehe. Wewe nyamaza." Akanifafanulia kwamba ameshatamka mbele ya ukoo, hawezi kuyameza maneno yake sasa, na kwamba mama yake asichokozwe tena. Jumapili atakuja Dabani na wazee na mbuzi. Wewe utapiga magoti, utaomba radhi, utarudi nyumbani kwa mwanao, na mambo yatapoa. Aliniona kama nimemletea zawadi, maana sasa anajua huna kosa, anakuja akiwa na hakika kwamba hutamsumbua mama yake.

Ndiyo sababu barua hii lazima ikufikie kabla yao, na nimempa Eibu wa bodaboda aiweke mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Kurudi au kutorudi ni juu yako, siwezi kukuamulia, nimeshakuamulia vya kutosha. Ila Jumapili watakuja kukusamehe, na wewe huna kosa. Pika, wakaribishe, wape maji ya kunawa. Lakini usipige magoti. Nitakuwa nimefika asubuhi mapema, na kabla mzee yeyote hajafungua kinywa nitasimama mimi, nitapiga magoti mimi, Herbert akiwepo, na nitasema nilichofanya. Kisha nitaomba nipelekwe kwa Mama Athieno, hata wakinifukuza mlangoni.

Mama usimsomee barua hii. Nataka alisikie jambo hili kutoka kinywani mwangu. Msalimie sana, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi nduguyo niliyekukana,
Odwori