Kumbikumbi wa Kangemi

Kangemi, Nairobi
27 Aprili 2025

Mpendwa wifi yangu Rachael,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Huko Lodwar mnaendeleaje na hilo jua? Mgongo wa mzee wako umepoa? Watoto bado wanakohoa kwa lile vumbi? Sisi tunapumua, na kwa kupumua tu Bwana asifiwe.

Wiki jana uliponipigia ukauliza kama ndugu yako amekubali kurudi kliniki, nilisingizia mtandao nikakata simu. Yeye alikuwa hapo anasikia.

Ukweli ni huu. Tangu kile kiharusi kimwangushe Januari, mkono wa kulia umelala na mdomo umepinda. Kliniki walisema akifanya mazoezi mapema kuna matumaini. Akikaa tu, mkono utakauka hivyo. Alienda mara mbili, akakataa, akageukia ukuta. Nikimlisha uji anafunga meno. Akaniambia, "Nanjala, niache niende polepole." Dalmas ni fundi wa mawe, mkono huo ndio ulikuwa kila kitu.

Mimi nami nimechoka, wifi. Asubuhi nafua nguo za watu huko Mountain View, jioni namgeuza kitandani. Siku zingine nikipiga magoti niombe, usingizi unanichukua hapo hapo. Kanisani wakisema Mungu ni mwema, naitikia kila wakati, lakini ni mdomo tu.

Sasa nikusimulie ya Alhamisi. Nyuma ya nyumba zetu, pale kwa ua wa mabati, kuna kichuguu. Muthoni, mwenye ploti, alikuwa amesema atakimwagia oili chafu, maana mchwa wanamlia miimo ya milango. Usiku mvua ikanyesha, mchana jua likatoka, nikaona matundu yamefunguka na wale askari wao wanachungulia. Nikajua kumbikumbi wako njiani. Nikamwomba Muthoni aniachie hiyo siku moja.

Nikaweka matawi, nikafunika na blanketi kuukuu, nikaacha mlango mmoja na sufuria chini yake, kama nilivyowaona mkifanya nilipoolewa kwenu. Nikachukua vijiti nikaanza kupiga ubao, ili kumbikumbi wadhani ni mvua. Lakini kupiga ilikuwa kazi ya kina Dalmas. Mimi nilikuwa mlaji tu. Nilipiga mpaka mabega yakauma. Hakuna kitu. Muthoni anacheka, ameshika kiuno.

Mara sauti kutoka ndani: "Wewe! Unapiga kama unafukuza kuku! Mvua gani inanyesha hivyo?"

Nilibaki na vijiti hewani. Sauti ya nguvu hivyo sikuwa nimeisikia kwake tangu Januari. Halafu akasema, "Nitoeni nje."

Obuya, jirani yetu wa mlango wa pili, akamtoa na kiti cha plastiki. Dalmas akashika kijiti kwa kushoto, akafunga macho, akaanza polepole, kama matone ya kwanza juu ya mabati, kisha ikakolea. Sitakudanganya kwamba mkono wa kulia uliamka. Haukuamka, ulikaa tu pajani. Lakini alipiga, wifi, na wakatoka. Mmoja, wawili, halafu wakafurika, mabawa yanang'aa kwa jua.

Nikawaza, hawa wamekaa gizani, udongo juu ya vichwa, hakuna aliyewaambia kuna jua, na Muumba amewaotesha mabawa humo humo. Nililia mbele ya watu. Nikaomba bila kutafuta maneno.

Muthoni akasema, "Woi, Baba Quincy! Hao wadudu kweli mnakula?"

Naye, kwa ule mdomo uliopinda: "Na wewe mutura ya Dagoretti, hayo matumbo ya kujazwa, unakula, umewahi kuuliza ndani kuna nini?"

Ploti nzima ilicheka. Muthoni mwenyewe alikaa chini kwa kucheka. Ile oili ameiweka kwanza, mpaka mvua ziishe.

Jioni Dalmas alikula ugali na kumbikumbi, akamaliza. Sikumuuliza kitu, niliogopa kuharibu. Akasema mwenyewe, "Jumatano ndiyo kliniki, sivyo? Uniamshe mapema."

Sijui itakuwaje. Anaweza kugeuka kabla ya Jumatano, na mimi uchovu haujaniondoka. Lakini nikifagia yale mabawa mlangoni, mengine nayaacha. Tuombee hiyo Jumatano.

Milcah wa kanisani kwetu anakuja huko kesho kwa kazi. Nimempa barua hii na kopo dogo la kumbikumbi waliokaushwa. Nisalimie shemeji, na Namalwa, na wadogo wote. Mwanetu Quincy anakusalimu sana. Bwana anayekumbuka kunyeshea hata kichuguu awanyeshee na nyinyi huko kwenye ukame.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Nanjala

Dalmas ameniita niongeze hili: usiwatie mafuta. Weka kwa sufuria kavu tu, wana mafuta yao.