Neema Ameshafika au Bado Yuko Angani?

Jumanne usiku

Baba yake mzima, bibi yake mzima, wadogo zake mapacha nao wazima, na wote wananiuliza Neema amefika wapi. Nijibu nini? Simu yake haipatikani.

Jana alipanda ndege Dar kwenda Kanada. Basi la Dar nalielewa, likipita Mikumi najua mwanangu yuko wapi. Angani sijui. Mwenye duka kanicheka: "Mama Neema, tulia! Kule saa zao ziko nyuma ya zetu." Sasa kama ziko nyuma, safari inapungua au inaongezeka?

Tangu aondoke sijafagia, maana mtu akisafiri hufagii mpaka afike. Leo bibi yake kanuna: "Tutakanyaga makapi ya mpunga mpaka lini?" Nikashika ufagio, nikauweka chini.

Neema mwanangu, tuma neno upesi, nifagie.