Pigo la Haitham Kwenye Daftari Langu

Jumanne, baada ya Alasiri. Ghubra.

Nje joto limekaza, upepo umejaa vumbi, na mimi nimejifungia chumbani na daftari moja tangu nilipotoka kazini. Chai imepoa, sijaigusa. Sijisikii vizuri, na wala si kwa sababu ya joto.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: nafundisha hesabu katika chuo kimoja hapa Maskati, na kwa misimu mitatu sasa mimi ndiye mwandishi wa alama wa ligi yetu ndogo ya besiboli. Vyuo vinne, uwanja mmoja wa mchanga nyuma ya gereji za Wadi Kabir, na watazamaji ambao wengi wao ni mama na shangazi za wachezaji. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu, walisema, Salma hapendelei mtu. Nilivimba kichwa siku ile.

Keshokutwa tunawatuza wachezaji bora wa msimu. Orodha inangoja saini yangu. Nimeimaliza yote isipokuwa mstari mmoja, wa Mpigaji Bora. Hapo nimeandika jina la Haitham kwa penseli, nikalifuta, nikaliandika tena.

Haitham ni mtoto wa dada yangu Zuwena.

Katika mchezo huu, mtu akiupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza, mwandishi wa alama ndiye anayeamua amefikaje. Kama ni kwa ubora wake, anaandikiwa pigo. Kama ni kwa sababu mlinzi wa upande wa pili ameboronga, mlinzi anaandikiwa kosa na mpigaji haambulii kitu. Hakuna kura wala rufaa. Ni jicho langu na kalamu yangu tu.

Mechi ya mwisho, Haitham aliupiga mpira ukabiringika chini, polepole, moja kwa moja hadi kwa Nasser wa chuo cha pili. Hata mimi na buibui langu ningeudaka. Ukampita katikati ya miguu. Nyuma yangu Zuwena, na chupa yake ya kahawa, akapiga vigelegele uwanja mzima ukageuka.

Nikaandika pigo. Sikusita hata kidogo.

Mechi ilipokwisha Nasser alinifuata, glavu mkononi, uso umemshuka. "Ustadha, mpira ule ulikuwa wangu. Nimeuachia mwenyewe. Niandikie kosa."

Nikamwambia, "Usijitie lawama bure, mwanangu. Ulidunda vibaya, pale pana jiwe."

Hapakuwa na jiwe.

Akanishukuru. Alinishukuru kwa adabu kabisa, akaenda zake, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Nilijiambia nimemsitiri mtoto wa watu. Jana nilipojumlisha msimu mzima nikaona nilichokifanya: pigo lile moja ndilo lililompandisha Haitham juu. Likiondoka, anayefuata kwa mapigo ni Nasser, maana walinzi nao hupiga zamu yao ikifika. Maskini alikuwa akiomba aandikiwe kosa, kumbe anaomba tuzo yake na hajui.

Nimejitafutia visingizio vyote. Mchezo tu huu. Nani atakuja kulifukua daftari? Lakini mimi ndiye ninayewakata wanafunzi nusu alama kwa kusahau kuandika sentimita.

Na niseme ukweli, hapa angalau. Sikufanya kwa ajili ya Haitham. Nilifanya kwa ajili ya Zuwena. Tangu Haitham aliporudishwa mwaka chuoni, kila akiulizwa habari za mwanawe harusini au msibani, dada yangu huyageuza mazungumzo. Yeye aliyenilea mimi baada ya mama kufariki. Siku ile uwanjani nilimsikia akipaza sauti kwa furaha, na sikutaka anyamaze.

Leo adhuhuri kanipigia, keshahesabu kuwa tuzo ni ya mwanawe. "Halwa nshaagiza Hamriya, na kanzu yake iko kwa fundi. Mwambie huyo msoma majina asije akakosea jina la baba yake." Alikuwa anacheka. Nikasema inshallah, nikakata simu, nikalia.

Nimeswali. Nimerudi mezani. Nimechukua kalamu nyekundu, ile ninayosahihishia mitihani, nikakata pigo la Haitham, na mbele ya jina la Nasser nikaandika: kosa. Kisha kwenye orodha, mstari wa Mpigaji Bora, nimeandika jina lake kwa wino. Nimetia saini.

Halafu nikampigia Zuwena, nikamweleza mwanzo hadi mwisho, jiwe na yote.

"Halwa ishapikwa, Salma," akasema, na simu ikakatwa.

Nimempigia tena mara mbili. Hapokei. Haitham ndiye aliyeniandikia ujumbe, maneno matatu: "Nilikuwa najua, mamdogo." Kumbe mtoto alikuwa amekaa na jambo hili peke yake siku zote hizi.

Bado Nasser. Keshokutwa, kabla hajapanda kupokea tuzo, lazima nimvute pembeni nimwambie kwamba aliniomba haki nami nikamnyima kwa maneno matamu. Namjua, atanisikiliza hadi mwisho.

Je, nitafanya nini akinishukuru tena?