Konokono Waliopakwa Rangi ya Kucha

Dada yangu mpendwa,

Kwanza unisamehe: ile chupa ya rangi nyekundu ya kucha uliyoiacha kabatini imekwisha. Nimewapaka konokono.

Hapa kwenye kitalu cha miche bado niko kwenye majaribio ya kazi, na nikishindwa Baba atanipeleka kwa shangazi nikalee watoto. Konokono wanatafuna kabichi. Mzee Kofia, mwenye kitalu, alisema wako maelfu, akaleta sumu. Nikawawazia vyura wa mtaroni, wanaokula vitoto vya konokono. Sumu ikiwaua, mwakani konokono watazidi. Lakini unanijua, mdomo ulikuwa mzito.

Basi nikaokota konokono arobaini, nikawatia doa gambani, nikawaachia.

"We Kimya, wanaenda harusini?" Mzee akanitania.

Baada ya siku tatu nikaokota arobaini tena. Ishirini walikuwa na doa! Nikajikaza, nikasema mbele ya wote:

"Mzee, nusu yao ni wale wale wa juzi. Basi wale arobaini niliowapaka ni kama nusu ya wote; kitalu kizima wako kama themanini tu. Tuwaokote kwa mkono."

Akayahesabu madoa mwenyewe, mara mbili. "Kumbe naibiwa na kagenge kadogo hivi!" Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Sumu imerudishwa dukani, na mimi nimeajiriwa! Leo wenzangu wameniomba niwafundishe ile hesabu. Nimewafundisha, Dada, na hakuna aliyeniambia niongeze sauti.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Kimya