Sikimbii, Natembea

Jumatatu, 5 Juni 2000. Baraka.
Nafundisha darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Chaki imekwisha, tunaandika kwa mkaa. Katikati ya hesabu baharia mmoja wa Ubwari akasimama mlangoni na salamu kutoka Kigoma. Esperansi wangu anaolewa, Jumamosi tarehe 24. Anataka vikwembe vya mama, vitenge ambavyo upande wa mume humpa mama wa bibi harusi, vipokelewe na mama mwenyewe. Ni mtoto wangu wa pekee. Alivuka ziwa mwaka juzi vita vilipoanza, na tangu hapo sijamwona.

Nitakwenda. Hilo halina mjadala.

Jioni Mama Tabu, jirani yangu, akanishauri nifanye kama wengine: nipande boti gizani, nishuke ng'ambo, niandikwe mkimbizi, nipewe turubai. Sitaki turubai. Nina bati. Tofali za nyumba hii marehemu mume wangu alizichoma mwenyewe. Jirani yetu Lubunga na mkewe walipovuka, kabla ya saa sita mchana redio ya askari ilikuwa inaimba barazani kwao. Hapa mtu akikimbia, nyumba yake ni ya mwenye bunduki. Basi sitakimbia. Nitaomba viza ya kutembea, kama Mzungu.

Jumatano, 7 Juni.
Ofisi ya komanda wa askari walioushika mji. Nimesimama asubuhi nzima. Nilimwomba karatasi ya kwenda na kurudi. Akaita wenzake waje kumwona mtalii. «Turisti! Mu hii vita?» Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Halafu akasema nilete viza kwanza, ndipo atasaini. Anajua hakuna anayeipata. Nyumba yangu anaitamani. Mara mbili amepita akipima baraza kwa macho. Namchukia. Nimemuaga kwa adabu zote, kisha nimetembea polepole mpaka njiani.

Ijumaa, 9 Juni.
Pasipoti nimeitoa chini ya sanduku. Niliichukua kwaya yetu ilipoalikwa ng'ambo, zamani. Imeandikwa Zaïre, na kichwa cha chui. Nchi imebadilishwa jina, chui kaondoka. Mimi nipo.

Picha nimepigwa mbele ya shuka la Mama Tabu. Mpiga picha alinisihi nisikunje uso. Sikuukunja. Ndio uso wangu wa mwaka huu.

Jumapili, 11 Juni. Uvira.
Boti ilifika mbele ya Makobola, kijiji ambako watu wengi waliuawa katika vita hivi. Mwanamke mmoja alitia mkono majini, hakuutoa mpaka tulipopita. Nilisali, nikakasirika, nikasali tena.

Jumanne, 13 Juni. Bujumbura.
Ofisi ya viza ya Tanzania. Karani ni Mtanzania wa makamo, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alisoma neno Fizi, wilaya yetu, akanionyesha mlango mwingine bila kuinua kichwa. Wakimbizi kule. Nikasema mimi si mkimbizi. Hapo akainua kichwa. Sababu ya safari nimeandika utalii. Akauliza nitatazama nini. Nikamjibu: nitamtazama mwanangu akiolewa, halafu nitawatazama watu wa Kigoma. Wamesikiliza habari zetu redioni miaka miwili, sasa ni zamu yangu.

Msaidizi wake, mtu wa Uvira, akanihurumia. «Mama, batu ba Fizi banakimbiaka tu. Habatembeake.»

«Mi niko natembea,» nikasema. «Na nitarudia.»

Karani akataka dhamana ya kurudi. Barua ya mwajiri? Mwajiri hajatulipa tangu vita. Hati ya nyumba? Iliungua pamoja na ofisi. Nikamwambia: siku ya kuondoka nitaloweka muhogo. Muhogo ukiingia majini una siku zake, ukizidisha unaoza. Kwetu mwanamke haloweki muhogo akautupa. Viza haitolewi kwa muhogo, akasema. Nikalale.

Jumatano, 14 Juni.
Benchi la ofisi ya viza. Hakuna.

Alhamisi, 15 Juni.
Benchi. Wanaoingia wameanza kuniamkia kama mfanyakazi wa hapa. Mmoja aliniuliza mahali pa kupiga picha. Nimemwelekeza.

Ijumaa, 16 Juni.
Karani kaniita kabla ya kufunga. Siku saba. Amegonga muhuri kwa nguvu, akanirudishia pasipoti. «Usiniaibishe, mama.» Nimetoka nje. Nimekaa juu ya ukingo wa mfereji na kucheka peke yangu.

Jumatatu, 19 Juni. Baraka.
Komanda aligeuza pasipoti juu chini. Hakucheka. Amesaini. «Sawa, turisti. Siku saba. Alhamisi ya ile wiki ingine, kama jua inazama siyakuona, mi nalala mule mu nyumba yako.»

Alhamisi, 22 Juni. Alfajiri.
Jana nimeng'oa muhogo, nimeumenya. Nimeloweka pipa zima nyuma ya jiko. Mama Tabu kashika kiuno: «We unasafiri, na unaloweka?» Ndiyo. Nimemwachia ufunguo.

Jumamosi, 24 Juni. Kigoma.
Harusi. Esperansi amenenepa, Mungu asifiwe. Vikwembe nimevipokea kwa mikono yangu hii. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Tulipotoka kanisani, watu wa kwetu walioshuka na boti ya usiku walikuwa wamesimama barabarani, magodoro vichwani. Nilimjua mmoja. Alitazama kiatu changu.

Jumatatu, 26 Juni.
Hapa hakuna risasi. Kuna mkate. Habari zinasema wamepigana karibu na Fizi. Mkwe wangu anataka kunijengea chumba. Esperansi kapiga magoti: mama, baki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamenipa kiti chenye mto.

Nataka kubaki. Naandika wazi, nisije nikajidanganya kesho kwamba sikutaka. Lakini nikibaki, wale wa ofisi ya komanda watacheka tena, na safari hii watakuwa na haki. Na tofali zile hazina mtu mwingine.

Jumatano, 28 Juni.
Boti zinakuja zimejaa, zinarudi tupu. Anayetafuta nafasi ya kwenda ni mimi tu. Wenye boti wanadhani nimechanganyikiwa. Wawili wamekataa, wa tatu kakubali. Esperansi hakuja ufukweni. Amekasirika. Ni mtoto wangu kweli.

Ofisa wa bandarini aliutafuta muhuri wa kutoka mpaka akafungua droo ya chini kabisa. Aliupuliza vumbi. Akasema, karibu tena, mama. Miaka mingi sijaambiwa hivyo na mtu wa ofisi.

Alhamisi, 29 Juni. Baraka.
Nimefika jua lingali juu. Godoro la komanda lilikuwa barazani, limeegemezwa ukutani. Mlango umefungwa kama nilivyouacha.

Uani kumetandazwa mikeka, na muhogo mweupe juu yake, kutoka mlangoni hadi jikoni. Mama Tabu aliuopoa siku ya nne. Kila askari aliyekuja kuulizia ufunguo alimwonyesha mikeka: mwenye muhogo anakuja kuutwanga.

Godoro nimelibeba mwenyewe, nimeliweka nje ya ua, mahali pasafi. Askari mmoja wa komanda alikuwa amekaa ng'ambo ya njia. Nimemsalimu. Ameitika.

Nimevua viatu. Nimetoa kinu, nikatwanga bila haraka mpaka giza lilipoingia. Nyumba za jirani zilisikiliza. Mama Tabu kaleta ndagala, dagaa wa ziwani. Bugali umetoka mweusi kidogo, muhogo haujakauka vizuri. Tumeumaliza wote.