Waume Niliowafuta

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Nimesafisha orodha ya wagonjwa wa TB kwenye kompyuta ya mradi. Uchafu mtupu! Upande wa Butiama na Bunda kuna wagonjwa ambao mume wao kaandikwa mwanamke. Karani kasinzia, nikajua. Amri moja tu, mistari hiyo yote ikapotea. Nilitaka kulibana faili lenyewe, mabaki yatupwe — umeme ukakatika. Mgao! Nimerudi nyumbani Makoko nimenuna.

Jumatano, 9 Novemba

Leo nimekoma. Kaja bibi wa Butiama, Mama Gati, kufuata dawa za mkewe Nyamburi. Mkewe! Nikacheka — mjinga mimi.

"Mwanangu, kwenu ziwani hamuoagi hivi? Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume. Nikatoa ng'ombe, nikamuoa Nyamburi anizalie. Mume wake ndiyo mimi. Sasa anakohoa damu."

Nimetafuta kwenye kompyuta: hayupo. Hakuna karani aliyekosea, ni mimi! Na kesho dereva wetu Magige anapeleka dawa kwenye zahanati za huko, anapakia kwa orodha ya kompyuta tu. Usipokuwemo, hupati.

Thadeo, mwenzangu aliyesomea kompyuta Mwanza, aliuliza kitu kimoja: ulishabana faili? Sijabana, umeme ulikatika! Akapiga kofi mezani. Basi wamo! Kumbe kila mstari una safu ya mbele, ya mfumo wenyewe, haionekani kwenye skrini. Ukifuta, mashine inatia nyota humo na kuuficha mstari, basi. Kubana ndiko kunakotupa kabisa. Akaamuru waliofichwa waonekane. Nyota, nyota, nyota! Tukazitoa zote. Nyamburi huyo! Nililia mbele za watu, wala sijali. Asante Mungu — na mgao pia. Mama Gati kaondoka na dawa.

Alhamisi, 10 Novemba

Nililala fofofo. Asubuhi, kucheki karatasi za orodha — tumerudisha na marehemu niliowafuta zamani! Nyota zao nazo tulizitoa. Tukawakata kwa kalamu, Magige akapakia, akaondoka. Wagonjwa wote wamo. Raha iliyoje!

Nikaenda kuwatoa marehemu kwenye mashine. Wa Bunda, tayari. Butiama, tayari. Musoma mjini: Marieta, Makoko. Mama. Nilimfuta mwenyewe Machi, baada ya mazishi. Hali: anaendelea na dawa.

Thadeo anasema nitie nyota, tubane faili, umeme upo. Nimemwambia ngoja ninywe chai kwanza.

Chai imepoa. Umeme bado upo.