Posa Niliyoiondoa kwa Kina Keza

Biryogo, Kigali

Mpwa wangu Gisa,

Hapa hatujambo. Mguu wa mama yako umepona.

Jumapili nilikwenda kwa kina Keza kukuposea. Nilisimama nikatangaza kwamba unasoma uhandisi, mwaka wa tatu. Shangazi yake, Bi Mukandekezi, akatoa simu.

"Mzee Twahiru, siku hizi chuo kinajibu chenyewe mtandaoni. Niangalie?"

Nikamtajia namba yako ya usajili, tena nikamwambia kwa majivuno asome kwa sauti. Akasoma kwamba uliacha masomo mwaka wa kwanza.

"Kumbe ni mhandisi wa maneno!" akasema mjomba mmoja wa Keza, nao wote wakacheka.

Keza hakucheka. Aliweka sinia la chai chini, akaniuliza, "Mjomba, nawe ulijua?"

Swali hilo limenifanya nikuonee kinyaa kuliko kicheko chao. Bi Mukandekezi alisema yuko tayari kukusikiliza, ukienda mwenyewe. Mimi nilikataa. Posa nimeiondoa palepale, na Keza nimemwambia asikungoje.

Usinipigie simu kunieleza. Hukunidanganya mimi peke yangu.

Mjomba wako,
Twahiru